Toa Mkono Wako

Haya nimemwandikia mtu aliyevunjika uti wa mgongo, ambaye sasa hivi amelala chali na ndugu wamemzunguka wanamwambia apumzike. Wengine mnaweza kusoma mkipenda, ila msiniletee pole. Pole nimeshapewa za kutosha, na hakuna hata moja iliyonisaidia kukohoa.

Naanza na kukohoa kwa sababu ndiko nilikokaribia kufia. Watu wakiniona wanatazama miguu. Wanaisikitikia miguu, wanaiombea dua miguu, shangazi yangu aliifuata na mafuta ya nyonyo kutoka Pangani. Miguu mimi nilishaagana nayo zamani. Kilichotaka kuniua ni kifua, na hakuna aliyekuwa anakiulizia.

Naitwa Mwanaidi. Nakaa Mabawa, Tanga, na mume wangu Rajabu, anayeuza viungo sokoni, na mama yangu Bi Tatu, aliyehamia kwetu nilipoumia na hajaondoka tena. Niliumia wakati wa vuli, tukitoka kuzika Maramba. Bodaboda iliteleza kwenye udongo mwekundu, mimi nikaishia korongoni. Dereva aliinuka akajipangusa. Mimi sikuinuka. Kuanzia chini ya matiti sina habari. Ukinichoma sindano gotini nitakutazama tu na kukuona mpuuzi.

Hospitali nilikaa kaskazi nzima. Operesheni siisimulii, maana nilikuwa nimelala. Nitasimulia feni. Ilikuwa juu ya kitanda cha jirani yangu na haikuzunguka hata siku moja. Mwili wangu chini ya kifua hautoi jasho tena, kwa hiyo joto likiingia linabaki humo humo. Uso unalowa, kichwa kinawaka, na huku tumbo na mapaja ni makavu. Mama alikuwa analowesha kanga ananizungushia shingoni, ikikauka analowesha nyingine. Wewe uliyelala hapo, mwambie ndugu yako akufanyie hivyo. Ni bora kuliko zawadi zote utakazoletewa.

Maana zawadi zitakuja, na zote zitakuwa za kula. Niliporudi nyumbani masika yakianza, nyumba haikukauka watu. Kwetu mtu haendi kumjulia hali mgonjwa mikono mitupu, basi ikaja halwa, vikaja visheti, ikaja mikate ya kumimina imefunikwa na kawa. Wanakaa kitandani kwangu mpaka adhana ya magharibi. "Kula, mwanangu, upate nguvu." Nikitaka kunyoosha mkono nichukue kikombe, mtu keshakishika, kanipelekea mdomoni. Mikono yangu ilikuwa mizima kabisa na nyumba nzima ilikuwa inahakikisha haifanyi kazi yoyote.

Sikukataa. Ni raha kwanza, usidanganywe. Unafanyiwa kila kitu, unasifiwa kwa subira yako, unanenepa. Kipupwe kilipoingia nilikuwa siwezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati. Wakinikalisha, macho yanaingia giza. Kisha mafua ya kawaida, yale ambayo nyie mnayapangusia kwenye mtandio, yakashuka kifuani mwangu na kukaa.

Ngoja nikueleze inavyokuwa. Kohozi linapanda, unalisikia linavyopanda, linafika hapa chini ya koo, linasimama. Unakohoa. Kinachotoka ni kama sauti ya paka. Mtu mzima akikohoa anasukumwa na tumbo, na langu lilikuwa limelala pamoja na miguu. Kwa hiyo unabaki unalisikiliza limekaa pale, na wewe unazama ukiwa juu ya godoro kavu.

Tukarudi hospitali. Ndipo nilipokutana na Anna, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Mshambaa wa Lushoto, mwembamba, ana sauti ya kukwaruza na haya hana kabisa. Hakunipa pole. Aliichukua mikono ya Rajabu akaiweka chini ya mbavu zangu, mmoja juu ya mwingine, akamwambia, "Akivuta pumzi ngoja. Akikohoa, sukuma ndani na juu. Kwa nguvu, baba, humbembelezi." Rajabu akasukuma, kohozi likatoka. Nililia kwa raha ya kuvuta hewa. Yeye alilia kwa kuwa alidhani amenivunja ubavu.

Vuli iliyofuata nikaugua tena vilevile, safari hii mpaka wakaniwekea oksijeni. Nilipotolewa, Anna aliniita kwenye chumba chake cha mazoezi. Nilisubiri kwenye benchi la nje asubuhi nzima, na kila aliyekaa karibu yangu alikuwa na swali lake. Umefanywa nini? Ulipita wapi siku hiyo? Mama mmoja alisema hilo ni jini la barabarani na anamjua mtu kule Mkinga wa kulitoa. Nilimwambia jini langu lina pikipiki nyekundu na linakaa Maramba, akamfuate.

Anna alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye bangili.

"Umenenepa."

"Nimeumwa."

"Nani anakusukuma kwenye hicho kiti?"

"Mume wangu."

"Anayekuogesha?"

"Mama."

"Anayekulisha?"

Nikazungusha bangili mkononi.

"Basi hiyo mikono ni ya nini? Ya kuvalia bangili?"

Nilimchukia pale pale, na ninamchukia kidogo mpaka leo, nadhani anajua. Akavuta kiti akakaa mbele yangu. "Mama, nikwambie kweli. Tumbo lako siwezi kuliamsha. Lakini kifua, mabega, moyo, hivyo bado ni vyako, na umeviacha vinalala. Kohozi likija mara ya tatu likukute hivi, sikuahidi kwamba utatoka humu. Nataka utoke jasho la usoni. Nataka utwete."

Kutweta. Hilo ndilo neno lililoleta vita nyumbani kwetu.

Rajabu alinitafutia baiskeli ya miguu mitatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, pedali ziko mbele ya kifua na mnyororo unavuta gurudumu la mbele. Mwenye nayo alikuwa ameshafariki. Sikuuliza alikufa na nini. Siku ya kwanza nilizunguka nyumba, mara moja tu, nikarudi barazani natweta mdomo wazi. Mama alitupa upawa. "Pumu! Mwanangu kapata pumu! Rajabu, mtoe humo, anakata roho!" Nikatolewa, nikalazwa, nikapepewa, na baiskeli ikafichwa chumba cha uani, imefunikwa na turubai. Ilibidi Anna aje mwenyewe. Alikunywa chai, akala visheti vyote vilivyoletwa kwa ajili yangu, akamwambia mama, "Bibi, mwanao akitweta ni mzima. Akinyamaza ndiyo uje kuniita."

Akanipa na kipimo. "Ukiendesha huku unaweza kuimba, unajidanganya. Ukishindwa kusema hata kidogo, umezidisha, simama. Nataka uwe na pumzi ya maneno matatu, halafu uvute nyingine."

"Maneno gani?"

"Utakayopenda."

Pia alisema nifungwe tumbo kwa nguvu kabla ya kutoka, nisione giza na pumzi ipate pa kuegemea. Hilo mama alilielewa mara moja bila maelezo. Alifungua sanduku, akatoa mkaja aliofungia tumbo aliponizaa mimi, akanizungushia akiwa ameweka goti kitandani, anavuta mpaka anaguna. Siku hiyo hiyo shangazi akauona ukining'inia pembeni, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unauliza Mwanaidi kajifungua lini. Wawili walikuja na sabuni ya mtoto. Waliondoka nazo.

Lakini mkaja ulifanya kazi. Na kabla ya mkaja, mfuko wa mpira wa mkojo umwagwe. Usitoke umejaa, kichwa kitaanza kugonga na uso utawaka na hutajua ni kwa nini. Mwulize mtaalamu wako, mimi si daktari.

Sasa nije kwenye watu wa thawabu.

Tanga kila mtu ana baiskeli, na kila mtu anaogopa moto. Mtu akiona mwanamke mlemavu anazungusha pedali kwa mikono, mtandio umemlowa, anatweta, basi huona pepo imefunguliwa mlango mbele yake. Anakuja kwa nyuma bila salamu, anashika chuma, anasukuma. Hakuulizi unakwenda wapi. Nimeshapelekwa msikitini, nimeshapelekwa hospitali, siku moja nimepelekwa mpaka stendi na mtu aliyekuwa anazungumza na simu. Ijumaa ndiyo usiseme. Wakitoka kuswali wananitupia sarafu mapajani, mimi niliyevaa saa na viatu vizuri kuliko vyao. Na wote wanaondoka wamefurahi, wamejichumia thawabu mgongoni kwangu, na mimi pumzi yangu nimebaki nayo palepale, haijaongezeka.

Ndipo nilipopata maneno yangu matatu. Toa mkono wako. Nikiweza kuyasema na kuongeza mengine, najua naendesha kizembe. Nikiyasema hayo matatu tu na kuishiwa, najua kifua kinafanya kazi. Nikishindwa kuyasema, nasimama. Matusi yamenifaa kuliko dawa nyingi.

Anna alinipa mahali pa kufika. Kuna kimwinuko kabla ya kuingia Raskazone. Nyie mnaopita na bajaji hamjui hata kama kipo. Mimi nakijua kila ufa. "Siku utakayokipanda bila kusimama," alisema, "hiyo siku nitaanza kulala vizuri kipupwe kikija."

Rajabu akasema atanifuata nyuma na baiskeli yake kwa sababu ya magari. Tulikuwa tunatoka alfajiri ikishapambazuka, jua la asubuhi likitupiga usoni, kabla hajafungua meza yake sokoni. Wiki za mwanzo niliishia chini ya kimwinuko. Kisha siku moja nikapanda. Mikono ilikuwa inawaka, macho yamenitoka, lakini nikapanda mpaka juu, nikapiga kelele watu wakatoka getini. Siku ya pili nikapanda tena. Nilikuwa mwenye raha mpaka nikaanza kuwajibu wageni vizuri. Mama alipika pilau.

Anna peke yake ndiye hakufurahi. Alikuwa na mtindo wa kuniambia nihesabu kwa sauti kwa pumzi moja, na kila kliniki nilikuwa naishia karibu palepale. "Unapanda kimwinuko kizima?" akauliza. "Kizima," nikamjibu. Akakuna kichwa. "Basi pumzi yako inanificha kitu." Nikamwambia labda wivu. Ndiyo, nilimwambia hivyo.

Masika yakaja. Siku moja mvua ilinyesha asubuhi yote, ikakatika baada ya adhuhuri, tukaamua kwenda alasiri. Jua lilikuwa nyuma yetu, upande wa kushoto. Nilikuwa katikati ya kimwinuko, nimeinamisha kichwa, natazama lami iliyolowa upande wangu wa kulia, na vivuli vyetu vilikuwa vimelala pale, changu mbele, chake nyuma. Na kutoka kwenye kivuli chake ulikuwa umetoka mkono mrefu, umenyooka, umekuja mpaka kwenye kiti changu.

Mtu wa Tanga anaendesha baiskeli kwa mkono mmoja toka utotoni. Huo mwingine ulikuwa unanisukuma mimi.

Nikavuta breki. Yeye karibu anipande.

"Tangu lini?"

"Nini?"

"Rajabu. Tangu lini?"

Akashuka. Akashika usukani kwa mikono miwili, sasa. "Pale juu tu, Mwanaidi. Kidogo tu. Ulikuwa umeiva uso, mishipa imekusimama, nikaona..."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza."

Yaani sikupanda. Ule ukelele niliopiga, lile pilau, yale majivuno niliyompelekea Anna, vyote vilikuwa mkono wa Rajabu. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa kwa kuwa mama yangu anasomewa haya. Nilimwambia wapita njia wanaiba kwa kuwa hawanijui, lakini yeye kaniona nikizama mara mbili, anajua ni nini ninachokitafuta pale juu, na bado kaniibia. "Unataka nife nikiwa nimependeza usoni?" Akajibu polepole, "Wewe hukujiona pale hospitali. Mimi nilikuona. Siwezi kukuona unatafuta hewa tena nikakaa tu." Nilisikia. Nilikuwa na hasira mno kumhurumia, na sikumhurumia. Nilimwambia arudi nyumbani, nikageuza baiskeli mwenyewe.

Masika yote nilimnyima maneno. Chumvi naomba kwa mama, aliyekaa katikati yetu na kusema kila siku kwamba ndoa hazivunjwi na baiskeli.

Nilikwenda peke yangu. Mama alikuwa ananifunga mkaja na kugeuza uso ninapoondoka. Nilishindwa tena, tena na tena, chini kabisa ya pale nilipokuwa nimezoea kushangilia. Pumzi ikiisha naweka breki, nakaa katikati ya njia, magari yanapiga honi, nami nazijibu honi zao kwa matusi pumzi ikirudi. Na watu wa thawabu wakaniona sina mlinzi. Ijumaa moja mzee wa kanzu nyeupe, fimbo kaitia kwapani, akashika chuma nyuma yangu kwa mikono yote miwili. Mzee nitamtukanaje?

"Shikamoo..." nikasema, nikavuta pumzi. "Mzee... toa mkono wako."

"Marahaba, mwanangu. Tulia, nikufikishe."

"Sitaki... kufikishwa."

"Unaninyima thawabu?"

"Kaa hapo. Niombee dua. Usiniguse."

Akaguna, lakini akatoa mikono, akasimama pembeni akaomba kwa sauti. Nilipanda hatua chache zaidi ya jana yake, huku nikisikia "Amin" yake nyuma. Tangu siku hiyo akiniona hunyanyua fimbo tu. Ni mtu mmoja barabara nzima aliyeelewa.

Sitakuambia ilichukua siku ngapi, maana utaanza kujipima na mimi. Nilipanda asubuhi moja yenye manyunyu, hakuna aliyekuwepo isipokuwa mbuzi. Sikupiga kelele. Nilikaa pale juu kanga ya shingoni imelowa, natweta, natazama mikono yangu miwili ya mtu mzima. Nilikwenda moja kwa moja kwa Anna, nikahesabu kwa pumzi moja. Niliipita namba niliyozoea kuishia, nikaendelea, yeye akafunga daftari lake akaenda kuita mgonjwa mwingine. Hakunipongeza. Mkorofi mkubwa yule.

Kisha kipupwe kikafika, na mafua yakaingia nyumbani kama kila mwaka. Yalianza kwa mama, yakaja kwangu. Siku ya tatu yalishuka.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimeegemezwa mito, nikalisikia linapanda. Lilipanda mpaka pale pale, chini ya koo, likasimama. Mama akaanza kusoma dua. Rajabu alikuwa amerudi kutoka sokoni ili aswali. Aliingia na udongo wa njia miguuni, akapanda kitandani, akaweka mikono chini ya mbavu zangu, mmoja juu ya mwingine, kama alivyofundishwa. Mikono inanuka iliki na mdalasini. Uso wake ulikuwa ule wa hospitali.

Nilikuwa sijasema naye sawasawa tangu masika. Nilikuwa naogopa, nikwambie kweli, naogopa kuliko korongoni. Kama nimejidanganya, hii ndiyo siku ya kujua. Nikavuta pumzi, ikaingia kwa kukwama.

"Toa," nikasema. "Mkono. Wako."

"Mwanaidi, usinifanyie hivi."

Nikamtazama tu, maana pumzi ya kusema tena sikuwa nayo. Nilikuwa naitunza.

Akatoa. Alipiga magoti pale pale, mikono iko hewani. Nikavuta hewa kwa mabega, kwa shingo, kwa kila kitu nilichokifundisha kwenye kile kimwinuko, nikainama mbele juu ya mto na mkaja alionifunga mama ukanibana, nikakohoa. Paka. Nikavuta tena, nikakohoa. Na mara ya tatu haikuwa sauti ya paka. Ilikuwa sauti mbaya, nzito, ya mtu mzima. Likatoka.

Mama alisema Alhamdulillahi akaendelea kusoma kama vile alijua. Mimi nilivuta hewa mpaka nikasikia kizunguzungu. Rajabu bado yuko magotini, mikono hewani.

"Umekaa hapo kama mlingoti," nikamwambia. "Niletee beseni."

Akaleta. Alikuwa analia na hakujificha, na nilikohoa yaliyobaki mpaka yakaisha, yeye ameshika beseni.

Nilipopona akaniuliza, huku anajifanya anatia upepo gurudumu, kama anaweza kunisindikiza tena. Magari siku hizi ni mengi, akasema. Nikamwambia anaweza, ila apite mbele.

Basi ndivyo tunavyokwenda sasa. Yeye mbele, mimi nyuma natweta na kumtukana kwa maneno matatu matatu. Hanigeukii. Anapanda polepole, na mikono yake yote miwili iko kwenye usukani, mahali ninapoiona.